Rafu ya Lazima

Duka la vitabu lililo karibu na kwetu hapa Kiembeni lina rafu nne. Ya kwanza ni ya madaftari, kuanzia yale membamba ya kurasa 48 hadi yale manene yenye jalada gumu. Ya pili ni vitabu vya CBC, vimepangwa kwa gredi. Ya tatu ni setibuku za KCSE pamoja na miongozo yake. Ya nne ni mchanganyiko: kamusi, atlasi, Juzuu Amma, vikokotoo, seti za jiometri, gundi, kadi za harusi, na boksi moja la chaja za simu. Mbele kuna kaunta ya M-Pesa na mashine ya kopi. Ukisimama pale dakika kumi tu utajua duka linakula wapi: kopi ya kitambulisho, kopi ya cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, kutoa pesa, kutuma pesa.

Niliingia pale mwezi wa nane, shule zimefungwa. Mpwa wangu, mtoto wa dadangu, yuko Kidato cha Tatu. Alikuwa amemaliza kusoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kabla mwalimu hajafika hata nusu yake darasani, na akanijia na ombi ambalo nyumbani kwetu halijasikika siku nyingi.

"Mjomba, nataka kingine."

Nikamuuliza kingine kipi.

"Kingine tu. Kama hiki, lakini kisiwe cha shule."

Alikuwa amempenda Mangwasha, akataka kukutana na mwanamke mwingine wa kitabuni mwenye kichwa kigumu kama yule. Basi. Kusema kweli nilifurahi kupita kiasi. Nikavaa ndara, nikavuka barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kopi ngapi?"

"Leo sitaki kopi. Natafuta riwaya."

"Nguu za Jadi?"

"Hiyo keshaisoma. Nataka nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Yoyote ya Kiswahili, isiyo ya mtihani."

Mzee akaniangalia juu ya miwani yake. "Isiyo ya mtihani," akasema, "sasa ataisomea nini?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua hasa, na mimi, mwenye digrii ya mambo haya haya, nikakosa jibu la haraka. Nikanunua kalamu mbili ili nisitoke mikono mitupu. Swali lile nimekaa nalo mpaka leo.

*

Wakenya wa rika langu tumefunzwa kusoma rafu, tena tumefunzwa kwa uchungu. Tumekua tukiona supamaketi zikinyauka moja baada ya nyingine. Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1975, ilifunga milango 2006, ikafufuliwa, halafu ikaanza kuzama tena. Choppies walitoka Botswana wakaingia 2016, na kufikia 2020 walikuwa wanafunga virago. Shoprite wa Afrika Kusini walifungua duka la kwanza 2018, nao hawakukaa. Tuskys ilianguka 2020 wasambazaji walipochoka kungoja pesa zao.

Lakini anguko lililotufundisha kusoma ni la Nakumatt. Jina lenyewe lilitokana na Nakuru Mattress, yaani duka la magodoro la Nakuru, na kutoka kwenye magodoro likakua hadi matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Kaulimbiu yao ilikuwa ahadi kwamba chochote unachohitaji, wao wanacho. Halafu 2017 ikafika, wasambazaji wakaacha kuleta mali kwa sababu ya madeni, na nchi nzima ikaona rafu zikikauka. Januari 2018 mahakama ikaliweka duka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura livunjwe, na matawi sita yaliyobaki yakauzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422.

Kuna jambo moja ambalo kila mtu aliyeishi miaka ile atakuambia. Supamaketi inayokufa haionekani tupu mwanzoni. Inaonekana imejaa. Nakumbuka moja ya huku kwetu Kisauni, jina lake silitaji, katika miezi yake ya mwisho. Safu moja nzima, ndefu kama matatu mbili zimefuatana, ilikuwa chupa za maji za kampuni moja, zimesogezwa mpaka ukingoni mwa rafu, nembo zikikutazama. Ukiingiza mkono nyuma ya ile safu ya mbele, hewa. Mahali palipokuwa na aina kumi za sabuni, paliwekwa aina moja mara kumi. Mamangu alisukuma kitoroli nusu saa nzima, akatoka na chumvi.

Kwa hivyo tunajua kwamba rafu iliyojaa na rafu yenye uchaguzi ni vitu viwili. Tunajua pia kwamba uchaguzi ndio hutangulia kuondoka, kimyakimya, kabla ya mali yenyewe kuisha. Nashangaa mbona maarifa haya hatujawahi kuyatumia kwenye maduka ya vitabu.

Nilirudi kwa mzee siku ya pili nikiwa na macho hayo. Nikaisoma rafu ya tatu kama ninavyosoma kitabu. Riwaya ilikuwa moja, Nguu za Jadi, nakala nyingi zimegeuzwa uso mbele. Tamthilia ilikuwa moja, Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Mkusanyiko wa hadithi fupi ulikuwa mmoja, Mapambazuko ya Machweo. Kando yao kulikuwa na miongozo, na hapo ndipo niliposimama. Miongozo ya ile riwaya moja ilikuwa ya aina tano, ya waandishi watano tofauti. Riwaya zenyewe zilikuwa aina moja.

Yaani katika duka lile, mtu anaweza kuchagua jinsi ya kufafanuliwa kitabu. Hawezi kuchagua kitabu.

*

Sina ugomvi na vitabu vyenyewe. Wengi wetu tulioingia katika fasihi ya Kiswahili tuliingia kwa mlango wa setibuku, na wengine tukaingia tukiburutwa. Kuna kizazi kizima kilichompata Kongowea Mswahili wa Siku Njema kwa sababu Wizara ilisema lazima, kikamshika mpaka uzeeni. Kidagaa Kimemwozea ilipokuwa setibuku, watoto waliitana majina ya wahusika njiani kwenda nyumbani. Ken Walibora alipofariki Aprili 2020, waliomwomboleza hawakuwa wanafunzi peke yao. Kulikuwa na makarani, manesi, makonda, watu waliosoma kitabu kimoja au viwili vyake shuleni na hawakuvisahau.

Nilijiuliza wakati ule, na najiuliza sasa: watu hawa, wenye mapenzi yote haya, wangapi walisoma Kufa Kuzikana? Wangapi walipata hata nafasi ya kukiona kimekaa kwenye rafu, wakakigeuza nyuma, wakakirudisha, wakakirudia wiki nyingine?

Mwongozo nao una madhara yake. Siutukani, niliutumia, na maswali ya mtihani yana tabia zake. Lakini mwongozo unamchukua Mangwasha na kumfanya orodha: ni jasiri, ni mwenye bidii, ni mwenye mapenzi ya dhati, na kila sifa ina ukurasa wake wa ushahidi. Ukimaliza orodha umemaliza mtu. Mpwa wangu hakunijia akitaka sifa za Mangwasha. Alikuwa na hamu ya kuendelea kuishi karibu naye. Hamu hiyo haina alama 20, na kwa hivyo haina rafu.

Fasihi inayouzwa kwa lazima peke yake hufundisha kitu kimoja bila kukitamka: kwamba kusoma kuna tarehe ya mwisho. Unaanza Kidato cha Tatu, unamaliza siku ya karatasi ya tatu ya Kiswahili, unampa mdogo wako kitabu au unakiuza. Baada ya hapo wewe si msomaji tena, kwa maana hakuna duka linalokutambua. Ukiingia, unaulizwa kopi ngapi.

*

Wiki iliyofuata nilichukua matatu hadi mjini, nikavuka daraja la Nyali na orodha mfukoni. Niliandika vitabu vinne nilivyodhani vinamfaa msichana wa miaka kumi na sita mwenye kichwa kigumu, au vinavyomfaa yeyote anayeishi mji huu.

Cha kwanza kilikuwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya 1980, kwa ajili ya Maimuna. Mangwasha anapambana na watawala wa jamii yake. Maimuna anaanza ndani ya nyumba, kwa baba anayeitwa Maksuudi aliyemfungia mkewe na binti yake kama mali. Nilitaka mpwa wangu aone kwamba mtemi anaweza kuwa anakula naye sahani moja.

Cha pili kilikuwa Kuli ya Shafi Adam Shafi, ya 1979. Ni riwaya ya Rashidi na wabeba mizigo wa bandari ya Unguja, inayopanda taratibu kuelekea mgomo mkubwa wa 1948. Mombasa ilikuwa imegoma mwaka mmoja kabla, Januari 1947, na makuli wa bandari walikuwa katikati ya mgomo huo. Nusu ya familia ninazozijua Changamwe na Likoni zinakula kwa bandari mpaka leo. Kama kuna mji duniani ambao riwaya hii ingefaa kuuzwa karibu na mihogo ya kukaanga, ni huu.

Cha tatu kilikuwa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Ni mtoto wa Mombasa, mzaliwa wa Kuze. Alifungwa kwa ajili ya waraka uitwao Kenya: Twendapi?, akatunga mashairi gerezani kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa Nairobi na Oxford mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Serikali iliyomfunga ilikuwa ya Jomo Kenyatta.

Cha nne kilikuwa Peponi. Abdulrazak Gurnah aliposhinda Nobel mwaka 2021, sisi watu wa pwani tulibandika picha yake kila mahali. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatoa tafsiri ya riwaya yake Paradise, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Hatimaye Yusuf, mvulana aliyewekwa rehani kwa deni la babake na kupelekwa kufanya kazi dukani pamoja na Khalil, akasema Kiswahili. Ni riwaya ya maduka, mikopo na misafara. Mfanyabiashara yeyote wa mji huu angewatambua wateja waliomo.

Niliingia maduka matano. Sitayataja, kwa sababu hayana hatia ya pekee na yanafanana. Duka la kwanza lilikuwa na rafu nzima ya vitabu vya kukufundisha kuwa tajiri, vyote vya Kiingereza, vyote vya Wamarekani. La pili lilikuwa zaidi vifaa vya ofisi. La tatu, dada wa kaunta aliandika "Kuli" kwenye kompyuta yake, akasubiri, akaniambia, "Haitambui." La nne lilinipa matumaini kwa sababu lilikuwa na kona iliyoandikwa Fasihi, nami nikakuta setibuku za sasa, setibuku zilizopita, na miongozo ya zote mbili. La tano nilikuta limefungwa. Jirani yake aliniambia limefungwa muda, sasa panauzwa vioo vya simu.

Niliporudi kituoni nikampita mzee anayetandaza vitabu vya mitumba kando ya njia. Kati ya vitabu vya uhasibu vya zamani na majarida, nikaona Utengano. Jalada limeliwa na mchwa pembeni. Kwenye ukurasa wa kwanza majina ya wanafunzi watatu, mmoja baada ya mwingine, wawili wamekatwa kwa kalamu. Ndani kumeandikwa maswali na majibu kando ya mistari. Ilisalimika kwa sababu moja tu, kwamba nayo iliwahi kuwa setibuku.

Shilingi 100. Sikuomba nipunguziwe.

Kwa hivyo hesabu yangu ya siku nzima, katika mji ambao Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake zaidi ya miaka 180 iliyopita, mji uliotoa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, mji ambao lugha ya vitabu hivi ndiyo ya kununulia samaki: kimoja kati ya vinne, tena cha mtumba. Kutoka hapa hadi Tanga ni karibu zaidi kuliko Nairobi. Kila siku mabasi yanapita Lunga Lunga na Horohoro yakibeba vitunguu, machungwa na wakwe. Peponi haikuwa imepata kiti.

*

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa kwa kuwalaani wenye maduka. Nilikwenda kwa mzee wetu wa Kiembeni jioni moja, mashine ya kopi imepoa, nikamwonyesha ile Utengano na kumwambia nilikozunguka. Akacheka, akanivutia kiti.

"Wewe wanilaumu mimi," akasema. "Nikupe hesabu?"

Akanipa. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, serikali ilipeleka pesa za vitabu shuleni, na shule zikanunua madukani. Ndiyo iliyokuwa miaka yake mizuri. Mwalimu mkuu akija na oda ya madarasa manane, mzee alipata faida ya kumwezesha kuweka vitabu vingine ambavyo hakuna aliyeviagiza. "Nilikuwa na riwaya hapo," akaonyesha mahali penye kadi za harusi. "Nilikuwa na hadithi za watoto. Watu walikuja kwa kitabu cha hesabu, wakatoka na cha hadithi."

Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ikatia vitabu kodi ya asilimia 16. Halafu Januari 2018 serikali ikaanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni yenyewe. Sababu zake zilieleweka: pesa za vitabu zilikuwa zikiliwa, kuna shule zilizokuwa na kitabu kimoja kwa watoto wanne, na serikali ikinunua kwa wingi bei hushuka. Mtoto wa Kisauni aliyepata kitabu chake mwenyewe kwa mara ya kwanza hana haja ya kusikiliza malalamiko yangu, na nisingethubutu kumwambia. Lakini ile oda ya mwalimu mkuu ilitoweka kwa siku moja, na pamoja nayo ile faida iliyokuwa ikizibeba riwaya mgongoni.

Kisha mtaala ukabadilika. CBC ikaingia, vitabu vya 8-4-4 vikaanza kudoda, darasa moja baada ya lingine. Mzee akainua pazia la nyuma. Kulikuwa na maboksi mpaka dari. "Hivi nimevilipia," akasema. "Darasa la Nane halipo tena. Nimuuzie nani?"

Sikuwa na jibu. Aliyezika pesa zake kwenye boksi la vitabu vya darasa lisilokuwepo hawezi kuambiwa aweke nakala tano za Kuli kwa mapenzi ya fasihi. Setibuku ina wanunuzi kwa amri. Riwaya nyingine ina wanunuzi kwa hiari, na hiari hailipi kodi ya nyumba.

Basi mzee alibaki na ya lazima. Na kwa kuwa alibaki na ya lazima peke yake, waliokuwa wakija kwa hiari wakaacha kuja. Na kwa kuwa waliacha kuja, sasa anaweza kuniambia kwa ushahidi kwamba hawapo.

*

Hapa ndipo ninapotofautiana na msemo ambao tumeuzoea mpaka umekuwa kama methali: Wakenya hawasomi. Utausikia kwenye kila kongamano la waandishi, kwa kawaida kutoka kwa mtu aliyekaa mezani na vitabu vyake havijanunuliwa. Unatolewa kama sababu ya rafu kuwa tupu. Mimi naona kwa sehemu kubwa ni matokeo. Huwezi kupima hamu ya samaki katika soko lisilouza samaki.

Najua mtakachoniambia, maana nimeshajiambia mwenyewe. Intaneti ipo. Kuna wauza vitabu Instagram, unatuma pesa, kitabu kinakuja kwa basi kutoka Nairobi. Ni kweli, na wale vijana wanafanya kazi ya maana. Kuna pia PDF, zinazoruka kutoka grupu hadi grupu, na nani kati yetu ana mikono safi? Sauti ya Dhiki niliisoma mara ya kwanza kwenye simu iliyopasuka kioo, kurasa zimepigwa picha zimepinda, na mwandishi hakupata hata senti yangu.

Lakini njia hizo zote zinataka kitu kimoja kwanza: ujue jina la unachokitafuta. Mimi nilijua niandike Kuli kwa sababu nilifundishwa chuo kikuu na mtu aliyeipenda. Mpwa wangu alisema "kingine tu." Hakuna kisanduku cha kutafutia kinachopokea maneno hayo. Aliyekuwa akiyapokea ni rafu. Unakwenda kununua rula, macho yanashika jalada, unasoma aya moja umesimama, mwenye duka anakukoholea, unakirudisha. Wiki ijayo unakuja tena. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyompata Kezilahabi, katika duka ambalo leo ni saluni. Rosa Mistika. Nilidhani ni kitabu cha dini.

Mtu wa tabaka la Nyali atavipata vitabu hivi akitaka. Ataagiza, au atampa dereva orodha. Anayepoteza ni mtoto wa Kiembeni, Mtopanga, Mishomoroni, ambaye duka la vitabu analolijua ni moja, na duka hilo linamwambia kwa rafu zake zote nne kwamba lugha yake ni somo. Ataifaulu, pengine apate A. Kisha ataiweka kando pamoja na sare.

Kwa hivyo swali la mzee, "ataisomea nini?", nilikuwa nimelikosea. Nililichukua kama dalili ya mtu asiyejali fasihi. Mzee alikuwa ameisoma rafu yake kwa usahihi kuliko mimi. Katika duka lililobakishiwa ya lazima, hilo ndilo swali la pekee lenye maana.

*

Utengano mpwa wangu aliimaliza kwa siku nne. Aliniletea akiwa na hasira, hasira nzuri. Alikasirishwa na Maksuudi, alikasirishwa na mwisho, na zaidi ya yote alikasirishwa na wale wanafunzi watatu walioandika kando ya kurasa. "Mjomba, mmoja ameandika hapa Maimuna ni mpotovu. Alama mbili. Amesoma kitabu gani huyu?"

Peponi niliipata baadaye. Rafiki alikwenda Dar kwa harusi nikamwagiza, ikaja ndani ya mfuko wa khanga. Kuli bado naitafuta kwa karatasi.

Nilirudi kwa mzee na pendekezo. Sikumwomba aweke rafu ya fasihi, nimeyaona maboksi yake. Nilimwomba nafasi ya vitabu vitano, tu, pale kwenye kadi za harusi, na nikamwambia nitalipa nusu mbele. Akafikiri. Akasema pesa zangu nibaki nazo, yeye hataki deni la kijana wa jirani. Anachotaka ni majina.

"Niletee watu watano," akasema. "Watano wa hapa hapa Kiembeni, wa kununua, si wa kunitazamia bure. Nitaagiza kitabu kimoja, nakala sita. Ya sita nitaiweka pale mbele, tuone."

Akatoa daftari la kurasa 48 kwenye rafu ya kwanza, akaandika juu yake "Riwaya", akalining'iniza kwa kamba kando ya mashine ya kopi. Mpwa wangu alijiandikisha wa kwanza. Mimi wa pili. Wa tatu ni konda wa matatu ya Bamburi aliyekuja kutoa kopi ya leseni, akauliza daftari ni la nini, akasema aliwahi kumpenda sana Kongowea. Wa nne ni mwalimu wa nasari.

Daftari bado linaning'inia. Ukipita Kiembeni, kalamu iko kwenye kaunta.